Fungu la Mguu

Kamba ya chini kwanza, kisha ya juu, kisha ile ya katikati ambayo ndiyo hasa inayoushika mguu. Fundi alizibandua na kuzibandika upya moja moja, zikatoa ile sauti yake ya kitambaa kinachochanwa, na mmoja wa pacha, aliyelala ukingoni mwa godoro, akafumbua jicho moja.

"Baba anavaa roboti," alimnong'oneza mwenzake.

"Laleni," alisema mama yao.

Lilikuwa buti la plastiki nyeusi, refu hadi karibu na goti, soli yake imepinda kidogo mbele na nyuma ili mtu aliyevunjika kifundo atembee bila kukikunja. Hospitalini waliliita kifaa. Karakanani, alipokwenda kusalimia mara moja, wenzake waliliita gumbuti la bwana shamba, wakacheka, kisha wakarudi kwenye kazi zao, yeye akabaki amesimama mlangoni kama mteja.

Mama Pacha alikuwa akikata mkate. Bei ilikuwa imepanda tena, naye alikuwa amejizoeza kukata vipande vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kimoja dirishani unaweza kumwona jirani anaanika nguo.

"Leo usirudi na maneno," alisema bila kugeuka. "Rudi na barua."

"Nitarudi nayo."

"Juzi ulisema hivyo hivyo."

"Juzi daktari alikuwa semina."

"Na Mjomba naye yuko semina? Mjomba anahesabu viti, Baba Pacha."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Ndiye mwenye karakana ya makochi, na alipenda kuitwa hivyo kwa sababu mjomba hashitakiwi kwa chama cha wafanyakazi. Sasa alikuwa amepata kazi kubwa, viti vyote vya ukumbi wa hoteli, na kwenye kiti cha Fundi alikuwa amemweka mtu wa muda, kijana wa watu, mshonaji mzuri tu, asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba alifika kila asubuhi. Nafasi yako nimekushikia mpaka leo jioni, Mjomba alikuwa amesema kwenye simu. Bila barua ya daktari hawezi kumpokea, maana bima ya karakana haitaki aliyeumia kazini arudi bila karatasi ya kusema amepona. Kesho yule wa muda angeacha kuwa wa muda. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ni kochi lililomvunja. Kochi la watu watatu, ghorofa ya juu, ngazi za kupishana kwa ubavu, na mteja aliyegoma kulipia mbebaji wa ziada. Fundi alishika upande wa chini. Kwenye kona kochi lilikwama, mwenzake wa juu akasukuma, likakwamuka. Fundi alisikia kifundo kinalia kama kijiti cha kuwashia moto. Jambo la kwanza alilolifikiria, na Mama Pacha hajamsamehe mpaka leo, ni kwamba kitambaa kisichafuke.

Alikula kipande chake cha mkate akiwa amesimama, akatoka. Nauli nayo ilikuwa imepanda, na hospitali haikuwa mbali kwa mtu mwenye buti linalomkaa vizuri. Lake lilimkaa vizuri, ingawa hakupewa hivyo. Siku ya kutolewa plasta, ghalani yalikuwa yamebaki makubwa tu. "Mguu wako mdogo, mzee, lakini utajaa," mgawaji alimwambia, kana kwamba mguu ni gunia. Nyumbani kisigino kikawa kinapanda na kushuka ndani ya buti kila hatua, ngozi ikaanza kuchubuka, na usiku kifundo kikawa kinapwita. Fundi alilivumilia siku chache. Halafu mchana mmoja akaketi mlangoni, akalifumua bitana, akakata mabaki ya sponji ngumu kwa umbo la kisigino chake, mbavuni akapachika vipande viwili vyembamba, akafunika kwa kitambaa laini kilichobaki kwenye kiti cha mtu, akashona. Uzi mweusi ulikuwa umemwishia, akatumia wa kijani. Alifanya hivyo bila kufikiria sana. Mtu wa makochi akiona kitu kimepwaya mkono wake unakwenda wenyewe.

Hospitalini, benchi la kungojea lilikuwa limejaa, lakini bibi mmoja mnene alijisogeza, akamwachia nafasi ya nusu mtu.

"Keti, mwanangu. Tumebanana, lakini hatugombani."

Bibi alikuwa na mguu mmoja kwenye kandambili, mwingine umefungwa bendeji hadi katikati ya ugoko. Pembeni yake palikuwa na magongo aliyoyachukia waziwazi, maana kila alipoyatazama alisonya.

"Wewe tayari umepewa lako," alisema akilitazama buti. "Langu lipo humo ndani, wanaliandika. Nimelijaribu, mguu unacheza humo kama mchi kinuni. Nikawaambia hili la mwanamume. Wakasema mengine hayapo."

"Hata langu lilikuwa hivyo."

"Sasa lako mbona limekukaa?"

Fundi angeweza kunyamaza. "Niliweka sponji," alisema.

"Ehee! Kumbe." Bibi alilitazama tena kwa heshima mpya. "Mimi sina shida nalo sana. Mimi langu ni mazoezi. Daktari kasema baada ya buti, mazoezi, la sivyo kifundo kitaganda. Na mimi nakaa juu, na binti yangu ni mlinzi, anaingia zamu jioni, mtoto wake namlea mimi. Mguu ukiganda nitashukaje na mtoto mgongoni? Bima ni ya binti yangu. Nimewauliza pale dirishani, wakaniambia fungu lako bibi linatosha mazoezi yote, lakini usiliguse. Siligusi. Hata paracetamol nimenunua mwenyewe."

Alicheka, na Fundi akacheka naye, na kwa muda benchi lile likawa mahali pa kukaa watu. Kisha wakaita namba ya Fundi.

Dada wa dirisha la bima alikuwa na sauti ya upole iliyochoka, sauti ya mtu aliyetukanwa sana bila kosa lake. Alichukua kadi, akaandika, akangoja. Mfumo ulikuwa mzito leo, alisema. Jana ulikuwa chini kabisa.

"Unahitaji nini, baba?"

"Picha ya mfupa, halafu daktari aniandikie barua nirudi kazini. Alisema bila picha hasaini."

Dada alisoma kwenye kioo, akateremka na kidole, akapanda tena.

"Fungu limekwisha, baba."

"Fungu gani?"

"La mguu. Kila jeraha lina fungu lake. Picha ya kwanza imekula humo, plasta imekula, buti limekula. Halafu kuna marekebisho ya buti. Hayo ndiyo yaliyomaliza."

"Marekebisho gani?"

"Kupunguza upana kwa pedi za ndani na kushona. Yamefanywa na mtaalamu wa vifaa. Yana ushahidi." Alikigeuza kioo kidogo, jambo ambalo pengine hakuruhusiwa kulifanya, ili asitiliwe shaka.

Ilikuwa picha ya buti lake kwa ndani. Ilipigwa karibu sana, ikatoka safi: kitambaa laini, kona zilizokunjwa vizuri, na mshono wake wa uzi wa kijani ukizunguka kisigino.

Fundi aliikumbuka siku ile. Alikuwa amekuja kuangaliwa, na Mtaalamu wa chumba cha vifaa alipolivua buti alilipindua, akaingiza mkono, akapiga mluzi. Nani kakushonea? Mwenyewe. Acha bwana! Kazi safi hii. Ngoja niipige picha niwaonyeshe wenzangu. Na Fundi, ambaye karakanani hajawahi kusifiwa na mtu zaidi ya kuambiwa harakisha, alikuwa amemshikia buti sawasawa ili mwanga uingie, akamweleza jinsi ya kukata sponji isikunjamane, na akarudi nyumbani amevimba kichwa, akamsimulia Mama Pacha mpaka akaambiwa basi inatosha. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Hiyo nimeshona mimi," alisema.

Dada alimtazama. Hakuonekana kushangaa.

"Unaweza kupinga," alisema. "Unaandika kwamba hospitali haikufanya kazi hiyo, wanachunguza, wakiridhika fungu linarudi."

"Leo?"

"Si leo. Lakini baba, nikushauri kama dada yako. Ukiandika umeshona mwenyewe, maana yake umekifumua kifaa. Mwanachama akikifumua kifaa, bima inajitoa. Utalipa buti lote."

Fundi alilipanga jambo hilo kichwani, polepole, kama mtu anayepanga vipande vya kitambaa kabla ya kukata.

"Kwa hiyo nikisema nimeshona, nalipa buti. Nikisema sikushona, sipati picha."

"Umeelewa upesi," alisema dada, na alisema kwa wema. "Wengine hapa tunabishana mpaka adhuhuri. Unaweza pia kulipa picha taslimu."

Akataja kiasi. Kilikuwa kama kodi ya chumba, na kodi yenyewe haikuwa imelipwa. Nyuma ya Fundi mtu alikohoa kile kikohozi cha kumwambia mwenzako ondoka. Alichukua kadi yake, akashukuru, akaondoka.

Alisimama ukutani karibu na ndoo ya mfagizi akingoja hasira ije. Aliijua hasira yake. Ilikuwa ikianzia masikioni. Alingoja kama mtu anavyongoja kupiga chafya. Haikuja. Ilikuja fikra moja tu isiyokuwa na maana, kwamba angejua angetafuta uzi mweusi. Akaenda chumba cha vifaa kwa sababu kilikuwa hatua chache tu mbele, na kurudi nyumbani kulikuwa mbali zaidi.

Mtaalamu alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti jeupe na kalamu nyingi mfukoni. Hakupenda kuitwa fundi. Aliwahi kumsahihisha mgonjwa mmoja mbele za watu. Chumba chake kilikuwa na meza, kinyoosheo cha viungo, makasi ya kukatia plasta, na rafu yenye mabuti meusi yaliyopangwa jozi jozi ingawa hakuna anayevaa mawili.

"Ah! Mwenyewe huyu!" alisema alipomwona. "Karibu, fundi. Mguu vipi?"

"Umeniandikia marekebisho."

Mtaalamu hakukana. Alikwenda akasukuma mlango ukajifunga, akarudi, akaketi juu ya meza.

"Nilikuandikia, ndiyo. Sikia. Buti likitoka kwangu bila marekebisho wakati mguu umepwaya, mimi ndiye ninayeulizwa. Na hospitali inataka kila mwezi chumba hiki kionyeshe kazi. Hawataki nionyeshe mabuti, hayo yanatoka sandukuni yenyewe. Wanataka huduma. Sasa nikuulize: huduma ulipata?"

"Nilijipa."

"Lakini mguu umekaa?"

"Umekaa."

"Basi. Mfumo hauna pa kuandika mgonjwa kajishonea. Ungekuwa napo ningeandika. Wallahi."

"Fungu limekwisha. Nataka picha. Nikikosa barua leo, kazi imekwenda."

Mtaalamu alijikuna shingo. Aibu aliiona, ikapita, kama mtu anayepisha gari.

"Hilo la fungu sikulijua," alisema. "Sisi huku hatuoni mabaki." Kisha akashuka mezani, akavuta sanduku lililokuwa chini yake, akatoa mabuti mawili. "Lakini tunaweza kusaidiana. Hili la dereva mmoja, atalijia kesho. Hili la bibi aliyeko hapo nje. Yote yanapwaya. Mimi nimejaribu kuweka pamba, ikawa mabonde. Sponji ninayo, nilinunua siku ile ulivyonieleza, na sindano ninayo. Nishonee haya mawili, nakupitisha picha mlango wa nyuma. Mpiga picha ni mtu wangu. Daktari yupo leo. Barua unaondoka nayo."

Fundi alilichukua la bibi, akaingiza mkono. Lilikuwa tupu na pana, linanuka plastiki mpya.

"Na wao utawaandikia marekebisho?"

"Ndio utaratibu."

"Huyu bibi ana mazoezi."

"Ana mazoezi, ndiyo," alisema Mtaalamu, bila ubaya wowote. "Kila mtu na lake, fundi. Wewe una barua."

Nje ya mlango mtu aliburuta kiti. Fundi alimfikiria Mjomba akifunga karakana, ule mnyororo unavyolia. Alimfikiria Mama Pacha asiyeuliza kitu, akishika kisu cha mkate. Alimfikiria pia bibi na mtoto mgongoni, ngazi zile, lakini hakumfikiria kwa muda mrefu. Watu wale watatu hawakuweza kukaa kwenye benchi moja. Mtumikie kafiri upate mradi wako, wazee walisema, na hawakusema kafiri huyo akikutuma kwa mwenzako ufanyeje.

"Mguu wake nitaupimaje?" aliuliza.

Mtaalamu alikwisha kufungua mlango. "Bibi! Njoo kidogo, mama yangu, mtaalamu mwenzangu akutazame."

Bibi aliingia na magongo yake, akamwona Fundi amekaa kwenye kigoda na makasi mkononi, akasimama.

"Ala! Kumbe wewe ni wa hapa hapa?"

"Nasaidia tu," alisema Fundi.

"Nami nakusimulia shida zangu zote kama mgonjwa mwenzangu!" Alicheka, akaketi, akanyoosha mguu. Fundi aliushika kwa mikono miwili kupitia bendeji. Kisigino kilikuwa chembamba kuliko alivyodhani, cha mtu aliyekuwa mwembamba zamani, na ngozi yake, pale bendeji ilipoacha wazi, ilikuwa na nyufa nyuma. Alipima kwa shubiri, akapima tena mbavuni, bibi akajipinda.

"Taratibu, unanitekenya. Mwanamume wa mwisho kunishika hapo amekwisha kuzikwa."

Mtaalamu alicheka mpaka akapangusa macho. Fundi alitabasamu, akageukia meza.

Alifanya kazi kama anavyoifanya siku zote. Alifumua bitana bila kukata uzi wa kiwandani mahali pasipostahili. Alikata sponji kwa kulaza makasi kidogo, ili ukingo uwe mwembamba usije ukachoma. Nyuma ya kisigino aliacha bonde dogo kwa ajili ya zile nyufa, jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Uzi ulikuwa wa kijivu. Mkono ulikwenda wenyewe, na kwa muda wote ule hakusikia chochote, si aibu wala furaha, ila raha ndogo ya sindano inapopita pale ulipotaka ipite. Raha hiyo ilimtisha kidogo, kisha nayo ikapoa. Bibi aliulaza mgongo ukutani akasinzia.

La dereva, kwa vipimo alivyopewa na Mtaalamu, alilimaliza kwa haraka zaidi. Mtaalamu aliyachukua yote mawili, akayapeleka karibu na dirisha, akatoa simu.

"Hebu nishikie hapa mwanga uingie," alisema.

Fundi alimshikia.

Mlango wa nyuma ulipita jikoni kwa wapiga picha, penye birika na sahani za watu. Aliulaza mguu juu ya kioo baridi, akaambiwa asitikisike, akatulia. Daktari alikuwa anakula njugu. Aliitazama picha kwenye kompyuta kwa muda ambao mtu anatazama saa, akasema mfupa umeshika vizuri, nani alikurekebishia buti, maana hapa wengi wanarudi wamevimba.

"Mtaalamu," alisema Fundi.

"Yule anajitahidi," alisema daktari, akagonga muhuri.

Barua ilikuwa mistari michache. Inathibitishwa kwamba mtajwa hapo juu anaweza kurejea kazini, kazi nyepesi, buti aliache pole pole. Fundi aliisoma mara mbili kwenye ukumbi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alikuwa amedhani akiipata atapiga simu nyumbani saa ile ile. Aliitoa simu, akaiangalia, akairudisha. Mtaalamu alimpungia kwa mbali kati ya vichwa vya watu, akaweka kidole gumba na kile cha mwisho sikioni, ishara ya nitakupigia.

Jua lilikuwa bado lipo. Karakana ilikuwa bado wazi. Alikuwa anakaribia geti aliposikia anaitwa.

"Fundi! Fundi wa hospitali!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, akimngoja binti yake amfuate. Magongo yalikuwa yamelala kwenye nyasi nyuma yake, yametupwa. Alipomwona Fundi amegeuka, aliinuka peke yake, akatembea hatua kadhaa kwenda na kurudi mbele ya watu, mikono imepanuliwa kidogo kama bibi harusi anayeonyesha gauni.

"Ona! Halichezi. Hapa nyuma umeniwekea nini? Ule mpasuko hata hauniumi."

"Nimeacha nafasi kidogo."

"Mungu wangu. Mtu hajaniuliza, kaacha nafasi." Alirudi akaketi, akihema, ameridhika. Kisha akamvuta kidogo kwa mkono wa shati, akateremsha sauti. "Lakini nikuulize, mwanangu, maana wale wa dirishani mtu unaogopa kuwasumbua. Huu ushonaji wako hauna makato? Nisije nikafika kwenye mazoezi nikaanza kuambiwa maneno."

Fundi alisimama. Kwa wakati ule Mtaalamu alikuwa ameshatuma picha zake. Kumwambia bibi kusingezirudisha. Lakini angejua, angeenda dirishani leo, angelia mbele ya yule dada, angemleta binti yake mwenye sare, angeanza mapema. Wale wa dirishani wangemuuliza, bibi, nani kakwambia? Naye asingekuwa na sababu ya kuficha. Fundi aliutazama mguu wake mwenyewe, uzi wa kijani ukiwa umejificha huko ndani mahali pasipoonekana. Barabarani gari lilipiga honi, mtu akatukanwa, mtu akacheka.

"Tembea nalo pole pole tu, bibi," alisema. "Ile kamba ya katikati usiikaze sana."

Bibi alimtazama kidogo, akitafuta, kisha akalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

"Haya," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Haya, baba. Mungu akuzidishie kazi."

"Amina," alisema Fundi, akavuka barabara kuelekea karakanani.